Kurasa za Useremala Ndani ya Moyo

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Ni nini huzuia damu kurudi nyuma inapotoka kwenye chumba kimoja cha moyo kwenda kingine? Binti tunayemwita Mpwa alilijibu kwa kujiamini, akipiga taipureta yake haraka kuliko wenzake wanavyoandika kwa kalamu. Alieleza kwamba kazi hiyo hufanywa na vijilango vinavyoitwa valvu, na kwamba ili valvu zifanye kazi yake vizuri ni lazima zipakwe gundi pande zote mbili, zibanwe kwa jiriwa na kuachwa zikauke usiku kucha.

Mwalimu wa baiolojia alilisoma jibu hilo kwa sauti mbele ya darasa. Wanafunzi walicheka mpaka wa darasa la jirani wakaja kuchungulia dirishani. Mpwa naye alicheka kidogo mwanzoni, kwa kuwa hakujua kinachochekwa.

"Nilidhani jiriwa ni jina la msuli," alituambia alasiri ile, amesimama mlangoni pa karakana yetu na fimbo yake nyeupe mkononi. "Mwili una majina ya ajabu ajabu. Nikasema sawa, kitabu kimesema. Mwalimu akichora moyo ubaoni anasema 'kama mnavyoona hapa', mimi naona nini? Mimi nina kitabu tu."

Kitabu kilikuwa chetu.

Karakana yetu huchapa vitabu kwa nukta nundu, yale maandishi ya vitone vilivyoinuka ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha upande mmoja na marobota ya karatasi ngumu upande wa pili, na mwishoni ipo mashine ya kuchapa ambayo ikianza kugonga huwezi kusikia hata simu. Tuko watano. Bi Mkubwa ndiye mkuu wetu, ingawa jina hilo tunalitumia akiwa hayupo. Mbele yake ni Mama. Wachapaji ni Kasi na Pole. Kasi ni dada mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Pole ni kaka mtu mzima ambaye hajawahi kuharakishwa na jambo lolote, hata siku birika la umeme lilipowasha pazia. Mhakiki wetu haoni. Yeye husoma kwa vidole kila kitabu kipya kabla hakijatoka. Mpwa ni mtoto wa dada yake, na tangu tulipomsikia akimwita Mjomba, basi naye akawa Mjomba wa sote.

Wa tano ni mimi. Nilikuwa nimetoka chuoni juzijuzi, nimeajiriwa kutunza kompyuta, na siku ya kwanza tu Kasi alinibandika jina la Injinia. Ilikuwa dhihaka. Mimi nililipokea kama cheo.

Alasiri ile Mjomba alikichukua kitabu cha Mpwa, akakiweka magotini, akaanza kukipapasa. Vidole vyake vilikwenda vizuri, vikasimama, vikarudi, vikaenda tena.

"Huu ukurasa ni moyo," alisema. "Unaofuata ni mbao, na jiriwa ya kuzibania. Hiki ni kile kitabu cha useremala cha chuo cha ufundi. Nimekihakiki mwenyewe."

"Na hiki cha baiolojia hukukihakiki?" Kasi akauliza.

"Nilihakiki nakala ya kwanza, neno kwa neno. Zinazofuata napapasa mwanzo na mwisho tu. Nani anadhani katikati patageuka?" Akamgeukia Mpwa. "Mwanangu, nisamehe."

Mpwa alikuwa akikunja na kukunjua ile fimbo yake, tap, tap, tap.

Jambo lililomkaba lilikuwa hili. Alitaka kuingia mkondo wa sayansi ili baadaye asomee tiba ya viungo, anyooshe migongo na magoti ya watu kwa vidole hivyo hivyo anavyosomea. Jaribio lile ndilo lililokuwa likichagua wa kuingia, na orodha ya waliochaguliwa ingetumwa Ijumaa mchana. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Alama alizopata zisingemfikisha popote.

Bi Mkubwa alimpigia mwalimu simu papo hapo. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, nadhani alikuwa mtu aliyechoka. "Mama, mimi hizo nukta sizijui kusoma," alisema. "Kitabu chenyewe kinafungwa kwa pete za plastiki, ukurasa unatoka na kuingia. Mjomba wa huyu binti anafanya kazi hapo hapo kwenu. Nisiwaze kwamba ukurasa umechomekwa baada ya mtihani? Wewe niambie jambo moja tu: umeona kwa macho yako mashine yenu ikitoa kitabu cha namna hiyo?"

Bi Mkubwa aliangalia dari. "Sijaona," alisema.

Alipokata simu, nilimwambia kwa uchungu kwamba angeweza kumwamini Mjomba.

"Ninamwamini," alijibu. "Lakini nimeulizwa nilichokiona, sikuulizwa ninayemwamini. Isitoshe, nikisema mashine yetu inachanganya vitabu, shule zote zitavirudisha kesho, na hao watoto watasoma nini? Nionyeshe, mwanangu. Nikiona, simu napiga mimi mwenyewe, hata kama ni aibu yangu."

Nikajua kazi yangu ni moja: kuifanya mashine ikosee mbele ya Bi Mkubwa kabla ya Ijumaa.

Programu inayogeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu iliandikwa na fundi aliyenitangulia, ambaye sasa yuko mbali na simu yake haipatikani. Haina vitufe wala picha. Unaandika mstari mmoja wa amri kwenye skrini nyeusi, unataja jina la kitabu, unabonyeza Enter. Kazi yenyewe inafanyikia kwenye kompyuta kuu iliyo pembeni, ambayo sote tunaitumia kutoka kwenye meza zetu. Programu inafungua folda ya muda, yaani mahali pa kuwekea kazi ambayo haijaisha. Inapanga humo ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka zitimie. Kisha inazikusanya, inazipeleka kwenye mashine ya kuchapa, na inaifuta ile folda, kama mpishi anavyopangusa meza.

Nilihisi tangu mwanzo kwamba kasoro iko kwenye hiyo folda. Kurasa za vitabu viwili zingekutania wapi pengine?

Jumatano asubuhi nikaanza kupima.

"Injinia anapima!" Pole akatangaza.

Hapa lazima nieleze utaratibu niliokuta pale. Yule fundi wa zamani aliwahi kuwaambia kwamba mashine ikipimwa isiguswe, nao wakalichukua neno lake kwa moyo wote. Fundi akipima, mikono yote inatoka kwenye kibodi, viti vinasogezwa nyuma, watu wanasimama, hata maongezi yanashuka. Siku niliyoona jambo hilo mara ya kwanza machozi yalinilengalenga. Chuoni hakuna mtu aliyewahi kusimama kwa ajili ya kazi yangu.

Nikaandika amri, kitabu cha baiolojia, Enter. Mashine ikagonga. Mjomba akapokea kurasa zikiwa bado na joto, akapitisha vidole.

"Moyo. Moyo. Mapafu. Figo. Safi."

Nikarudia. Safi. Nikabadili waya wa mashine ya kuchapa. Safi. Nikafungua kompyuta kuu, nikapuliza vumbi, nikapiga chafya mpaka Kasi akaniombea maisha marefu, nikaifunga. Safi. Nikachapa useremala, nikachapa baiolojia tena. Safi, safi. Kila nilipopima, wenzangu walisimama, mikono mgongoni, wakinitazama kwa matumaini kama ndugu wa mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji.

"Injinia," Kasi alisema kabla ya chakula cha mchana, "hizi baiolojia sasa zinatosha kufungulia duka."

Mchana nilikaa na programu yenyewe, nikaisoma mstari kwa mstari. Ilikuwa imeandikwa vizuri, na jambo hilo liliniudhi zaidi. Nilitamani nikute uzembe. Pale inapofungua folda ya muda, niliona kwamba kila mtumiaji anapewa folda yake, inayoitwa kwa jina lake la kuingilia. Nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Kila mtu na chake, nikasema moyoni, huyu fundi alikuwa mtu makini. Nikaupita mstari huo. Niliupita tena mara nyingi tu mchana ule, na kila mara niliusifu.

Mpwa alikuja baada ya masomo. Hakuuliza kitu. Alikaa kwenye benchi karibu na marobota ya karatasi, akasikiliza mashine ikigonga na mjomba wake akisema safi, na kila safi ilikuwa kama kofi.

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo," alisema mwishowe.

"Hakuna aliyesema hivyo," nikamjibu.

"Mashine inasema."

Nilienda nyumbani na kichwa kinaniwaka. Mama yangu aliniuliza kazi ikoje, nikamjibu kwamba kazi ni safi, kisha nikaenda chumbani kulia kidogo.

Alhamisi nilifika na hasira. Nilijua ni siku ya mwisho yenye maana. Nikaketi, nikavuta kibodi, na Pole, ambaye alikuwa bado anavua koti, akatangaza kwa sauti yake ya taratibu: "Injinia anapima!"

"Na apime," Kasi akasema bila kugeuka. Vidole vyake vilikuwa vinaendelea. "Mimi leo sisimami."

"Dada, tafadhali," nikasema.

"Tafadhali yako imeshanila siku nzima. Chuo cha ufundi kinasubiri vitabu vyake vya useremala, na wale nao wana vidole. Wewe pima, mimi napiga kazi."

"Utaharibu kipimo!"

"Kipimo gani? Jana kutwa ni safi, safi, safi. Nguo zangu hazijawahi kuwa safi hivyo."

Pole alijaribu kusuluhisha. "Kasi, mwenzako ana shida."

"Mwenzangu ana shida na mimi nina kazi. Wewe simama, umezoea kusimama."

Nilikasirika. Niliona ni ukatili, mtu kushindwa kutulia dakika chache kwa ajili ya mtoto wa watu. Nikaandika amri yangu na kuigonga Enter kama nampiga mtu. Nyuma yangu nikamsikia Kasi naye akigonga Enter yake, kwa makusudi, kwa nguvu zaidi.

Mashine ikaanza kugonga. Mjomba akapokea kurasa. Sikumtazama, nilikuwa nikitafuta maneno makali ya kumwambia Kasi.

"Injinia," Mjomba akaita.

"Naam, Mjomba."

"Damu huingia kwenye chumba cha juu upande wa kulia, kisha husukumwa taratibu," alisoma. Akageuza ukurasa. "Kwa randa kali, kufuata mkondo wa nyuzi za mti."

Nikageuka kwenye kiti changu.

"Soma tena," nikamwambia.

"Kwa randa kali, kufuata mkondo wa nyuzi za mti."

Nilipiga kelele. Nilimkumbatia Mjomba, nikamkumbatia Pole, nikataka kumkumbatia Kasi nikakumbuka kwamba tumegombana. Kisha nikakimbia koridoni mpaka ofisi ya Bi Mkubwa, nikaingia bila kubisha hodi.

"Mama, njoo! Imekosea! Njoo uone!"

Bi Mkubwa akaacha chai yake, akaja mbio, kitambaa kikimwanguka kichwani. Alipoingia tu, Pole akasimama. Kasi naye akasimama, maana kwa Bi Mkubwa hata Kasi husimama. Mikono mgongoni. Kimya.

Nikaonyesha zile kurasa. Akatikisa kichwa. "Hizi zimetoka nikiwa sipo. Nionyeshe inavyotokea."

Nikaandika amri ile ile, kitabu kile kile, kompyuta ile ile. Enter. Tukasubiri. Mashine ikagonga, Mjomba akapapasa kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, polepole, na nilipomwona anavyokunja uso nikajua.

"Safi," alisema kwa sauti ndogo.

"Tena," nikasema. "Ngoja, Mama, naomba mara moja tu."

Safi.

Bi Mkubwa alirekebisha kitambaa chake. Hakunikaripia, na heri angenikaripia. "Mwanangu, jambo linalotokea nikiwa sipo na kutoweka nikiingia, mimi kwa miaka yote nimeliita uvivu wa wafanyakazi. Sijawahi kuliita hitilafu ya mashine." Akanigusa bega. "Unajitahidi. Naona."

Akatoka. Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye robota la karatasi. Nilimlaani fundi wa zamani, nikalaani kompyuta, nikamlaani na mtu aliyegundua umeme. Niliamini tangu utotoni kwamba mtu akiwa na nia njema na akasoma kwa bidii, vitu vitamwitikia. Sasa nilikuwa nimekaa chini, nina shahada, na sanduku la bati lenye feni linanicheza shere.

Kasi alikuwa bado amesimama. "Samahani," alisema, na sauti yake ilikuwa na kejeli lakini si nyingi. "Sasa ninaruhusiwa kufanya kazi, au nisimame mpaka jioni?"

Nikamtazama. Nilimtazama mpaka akajiangalia nguo, akidhani ana doa.

"Ulikuwa umekaa," nikamwambia.

"Lini?"

"Ilipokosea. Ulikuwa umekaa unafanya kazi. Alipoingia Mama ulisimama."

"Basi nitafungwa kwa hilo?"

Nikainuka, nikaenda kwenye skrini, nikatafuta ule mstari niliokuwa nikiusifu. Kila mtumiaji folda yake, kwa jina lake la kuingilia. Halafu nikainua macho ukutani. Juu ya meza ya Pole kuna karatasi iliyobandikwa tangu kabla sijaajiriwa, na nimeiona kila siku mpaka nikaacha kuiona. Imeandikwa jina la kuingilia kwenye kompyuta kuu, *karakana*, na nenosiri lake chini. Jina moja. Wote tunaingia kwa jina hilo hilo. Zamani kila mtu alikuwa na lake, mpaka mfanyakazi mmoja alipoacha kazi ghafla na kitabu cha hesabu kikabaki kimefungiwa nyuma ya nenosiri lake huku shule ikisubiri. Bi Mkubwa akasema hapa basi, kuanzia leo hakuna cha mtu, vyote ni vyetu. Nilipohadithiwa niliona ni jambo zuri sana. Bado naona ni jambo zuri.

Lakini programu haikujua. Kwake sote tulikuwa mtu mmoja mwenye folda moja. Kasi akichapa useremala wakati mimi nachapa baiolojia, ukurasa wake wa ishirini na wangu wa ishirini zilikwenda kwenye folda ile ile kwa jina lile lile, na aliyechelewa alimfuta aliyetangulia. Na kila nilipopima, wenzangu kwa heshima yao waliondoa mikono, nikabaki peke yangu ndani ya folda, na peke yangu sikuwa na wa kugongana naye.

"Mmekuwa mkinisaidia," nikasema. Nilitaka kucheka na sikuweza. "Siku zote hizi mmekuwa mkinisaidia sana."

"Hilo ndilo tusi?" Pole akauliza.

Niliisoma programu yote upya ili niwe na hakika, na nilipomaliza ilikuwa alasiri. Bi Mkubwa alikuwa ameshavaa viatu vya kutokea, mkoba begani, ana kikao mjini. Nilimziba njia. Sijui nilipata wapi ujasiri. "Mama, mara ya mwisho. Ikiwa safi nitaandika mwenyewe barua ya kuacha kazi."

"Usiniletee mambo ya kuacha kazi," alisema, lakini akageuka.

Safari hii nilisimama mlangoni kabla hajaingia. "Msisimame!" nikapaza sauti. "Mtu asisimame! Fanyeni kazi!"

Walinitazama kama nimewaambia wavue nguo. Pole alikuwa tayari nusu wima, akabaki hivyo, hajui ashuke au apande. Mpwa, aliyekuwa ameingia muda huo kutoka shuleni, alisimama pia, kwa sababu amelelewa vizuri.

"Kaeni," Bi Mkubwa akasema. "Mmemsikia Injinia."

Nikamkalisha Bi Mkubwa kwenye kiti changu, nikamwachia aandike amri ya baiolojia kwa vidole vyake mwenyewe. Kasi aliandika useremala. Pole aliandika kitabu cha jiografia ili naye asikose. Nikahesabu, "Moja, mbili, sasa," na Enter tatu zikagongwa pamoja, ya Pole ikichelewa kidogo.

Kurasa zilipotoka, Mjomba hakuzigusa. "Mpe Mama," alisema. "Asome mwenyewe."

Bi Mkubwa anajua nukta nundu, ila hazisomi mara nyingi. Aliweka vidole, akatafuta mstari, akasoma kwa kusitasita kama mtoto. "Figo huchuja uchafu katika damu, na uchafu huo hutoka kupitia..." Akageuza. "Bandari kuu ya nchi jirani." Akageuza tena. "Kisha piga msasa." Aliendelea kugeuza kurasa baada ya hapo, lakini hakuzisoma kwa sauti. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Vitabu vingapi vimetoka hivi?" aliniuliza.

"Sijui, Mama. Vyote vilivyochapwa wakati watu wawili wanafanya kazi."

"Yaani vingi."

"Ndiyo."

Aliweka mkoba chini, akatoa simu, akaiweka sauti ya wazi juu ya meza. Mwalimu alipopokea, hakuzungukazunguka. "Mwalimu, uliniuliza kama nimeona. Nimeona sasa hivi, kwa mkono wangu mwenyewe. Kitabu kilitoka kwangu kikiwa kibovu. Ukurasa haukuchomekwa na mtu."

"Kwa hiyo unaniambia mashine ndiyo iliyofeli mtihani?" Mwalimu akauliza.

"Mashine yangu. Ndiyo."

"Binti yupo hapo?"

Mpwa akasogea, fimbo ikigusa miguu ya meza. "Nipo, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Siwezi kukupa alama za kitu ambacho hukukiandika. Unaelewa? Lakini naweza kukuuliza upya. Nikikuuliza sasa hivi, kwa mdomo, valvu hufanyaje kazi?"

Nilitamani ajibu. Nilitamani kiasi kwamba nilijikuta nimeshika ukingo wa meza. Mpwa aliinamia simu.

"Sijui, Mwalimu," alisema. "Bado sina kitabu."

Mwalimu alikohoa. "Kesho asubuhi, kabla ya kengele. Moyo wote na mzunguko wa damu. Orodha naituma mchana."

Simu ilipokatika nilirudi kwenye programu. Nilibadili mstari mmoja, ili kila amri inapoanza ijitafutie folda mpya yenye jina ambalo hakuna mwingine anaweza kulipata, na ikimaliza ifute yake tu, isiguse ya jirani.

Kasi alisimama nyuma yangu akitazama. "Ni hicho tu?"

"Ni hicho tu."

"Mstari mmoja. Umetukosesha amani kwa mstari mmoja."

"Dada Kasi, kama ungekuwa na adabu leo asubuhi tungekuwa bado tunautafuta."

Akacheka, akanipiga kofi la mgongo ambalo liliuma. Kisha sote tukachapa kwa pamoja, kwa fujo, vitabu vitatu, vinne, na Mjomba akahakiki sura ya moyo neno kwa neno, hakuruka hata tarakimu ya ukurasa, akasema ni safi, na mara hii neno hilo sikulichukia. Bi Mkubwa alikuwa ameghairi kikao. Alikuwa ofisini kwake, mlango wazi, anapigia shule simu moja baada ya nyingine, na kila simu ilianza na samahani.

Mpwa alipokea kurasa zake, akakaa kwenye benchi, akaanza kusoma. Hakufika mbali. Alisoma mstari mmoja akasimama.

"Injinia. Hapa pameandikwa kwamba damu inayotoka mapafuni huingia upande wa kushoto. Ni kweli?"

Nikafungua kitabu cha kawaida, cha wino, nikatafuta. "Ni kweli."

Mstari mwingine. "Ukuta wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia. Ni kweli?"

"Ni kweli."

Tuliendelea hivyo. Alikuwa na sura nzima ya kumeza kabla ya asubuhi, na kila sentensi aliikagua kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki. Nilikasirika tena, lakini safari hii sikuwa na wa kumkasirikia. Kuchapa upya ukurasa ni kazi ndogo. Sikujua amri ya kuchapa upya kile alichokuwa nacho zamani, alipoweza kusoma neno na kuliamini.

"Ni kweli?" "Ni kweli." "Ni kweli?" "Ni kweli." Mjomba alikuwa amelala kwenye kiti chake. Macho yangu yalianza kuchoka.

"Valvu husukumwa na damu yenyewe," Mpwa alisoma. "Damu ikienda mbele zinafunguka, ikitaka kurudi zinajifunga. Ni kweli?"

Nikatafuta. Sikuona. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari, juu mpaka chini. Ukurasa wangu ulizungumzia shinikizo la damu na chumvi.

"Sioni," nikasema. "Hapa hapana hayo maneno. Labda... subiri, labda imekosea tena."

Mpwa alirudisha vidole kwenye mstari wake. Aliusoma upya kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akarudi ukurasa wa nyuma, akausoma mwisho wake, akaja tena mbele. Niliona anavyofikiri.

"Hapana," alisema. "Inaendana na ya nyuma yake. Ina maana. Wewe uko ukurasa wa ngapi?"

Nikamtajia.

"Mimi niko nyuma yako. Injinia, umegeuza karatasi mbili kwa pamoja."

Nilitazama. Zilikuwa zimegandana. Nikazitenganisha kwa ukucha, na katikati palikuwa na valvu, damu ikienda mbele, damu ikitaka kurudi, neno kwa neno kama alivyosoma.

"Pole sana, Injinia," akaniambia, na akacheka, kicheko cha kweli kilichomwamsha mjomba wake. Kisha akainama tena juu ya kurasa zake na kuendelea, vidole vikikimbia sasa, bila kuniuliza.